Mafundi tuache kugandisha choo kwa sementi

Mhariri, naomba nafasi niongee na mafundi wenzangu na wenye nyumba hapa Dar maana hii kitu imezidi. Mimi ni fundi bomba, nikiitwa sehemu choo cha kukaa kinavuja au kinanuka, nikiinama tu nakuta yaleyale, sementi nyeupe imezungushwa choo kizima na mdomo wake umechomekwa hivihivi kwenye bomba la inchi 4, hakuna flenji, yaani ile pete inayofungwa sakafuni juu ya bomba ili ishike choo, wala bolti hata moja.

Mwenye nyumba anaona choo hakitikisiki anafurahi, kumbe sementi ikishapata ufa mwembamba tu maji yanapita chini ya tailizi taratibu, harufu inapanda, mende nao. Na siku ukitaka kukitoa hakitoki mpaka kipasuliwe, kwahiyo unanunua choo kipya na tailizi juu.

Flenji sio kazi ngumu jamani. Tailizi zitangulie, alafu bomba likatwe usawa wake ili flenji ikalie juu ya tailizi, sio izame chini, ikizama ile ringi ya nta inayoziba kati ya choo na flenji haibanwi vizuri na hapo ndo uvujaji unapoanzia. Kuifunga flenji, zege unatoboa kwa drili ya kugonga na biti yake ya zege, na hapa ndo wengi wanaharibu, shimo likiisha lazima vumbi litoke lote, puliza mpaka pawe safi, maana fisha, kile kiplastiki cha kushika skrubu shimoni, ikikaa kwenye vumbi leo utaona imeshika, baada ya muda inazunguka na skrubu yake. Skrubu zenyewe ziwe za chuma kisichoshika kutu, pale chini panalowa kila siku bana na huku pwani kutu haina huruma.

Nati za choo kaza huku kidogo na huku kidogo, ukilazimisha upande mmoja choo kinapasuka. Kabla ya kuziba pembeni mwa choo kwa silikoni mwaga maji ndoo nzima chooni, rudia, chungulia pembeni kote. Na silikoni yenyewe acha upenyo kwa nyuma, ili siku kikivuja maji yatoke uyaone mapema, yasijifiche chini.

Wenye nyumba nawaomba sana, choo kikiwa bado hakijashushwa mwambie fundi akuonyeshe flenji na skrubu zake kwa macho yako, akikwambia sementi inatosha usimpe hela.

Fundi bomba,
Mbagala, Dar es Salaam