Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vinasaba Kizimbani

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na Mweka Hazina, nami simwingilii. Nitasema kuhusu vikao vya mafunzo, ambavyo mwaka huu vyote vilikuwa vya ushahidi wa vinasaba, yaani DNA, chembe za urithi zinazomtambulisha mtu, kwa kuwa wengi wetu tukikuta neno DNA kwenye jalada tunanywea. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea ripoti ya maabara ya ukurasa mmoja nisiulize swali hata moja.

Tulianzia Leicester, Uingereza, ambako Alec Jeffreys aligundua mbinu ya kumtambua mtu kwa vinasaba Septemba 1984. Katika kesi ya kwanza ya mauaji ilikotumika, kilichotangulia kilikuwa kumsafisha kijana aliyekwisha kukiri. Ndipo polisi wakachukua damu na mate ya maelfu ya wanaume wa vijiji vya jirani. Muuaji, Colin Pitchfork, alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake, na mwenzake huyo akaja kuropoka baa. Pitchfork alihukumiwa 1988. Kwa maoni yangu domo ndilo lililomnasa, maabara ikamaliza kazi.

Kikao kilichotukesha ni cha Ujerumani. Kwa miaka polisi walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio kama 40, likiwemo la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kuwa mhalifu huyo hakuwepo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotoa vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, ila kuua vijidudu si kufuta vinasaba. Angalieni hapo: mashine ilisoma sawasawa kila mara.

Kuna na ile ya California, 2012. Vinasaba vya mtu vikakutwa kwenye kucha za marehemu, akawekwa rumande miezi, kumbe usiku ule alikuwa amelazwa hospitali, hajitambui kwa ulevi. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliombeba ndio waliokwenda kumhudumia marehemu baadaye. Basi mtaalamu akishasema vinasaba ni vya nani, swali letu liwe vimefikaje pale.

Takwimu zilizua ubishi. Ukisikia uwezekano wa mtu mwingine yeyote kufanana na sampuli ni mmoja kati ya milioni, si kwamba mshtakiwa ana nafasi moja kati ya milioni ya kuwa hana hatia. Katika jiji la watu milioni 10, wapo kama 10 wanaoweza kulingana. Wanachama wawili hawajakubali mpaka leo. Nimewaachia kalamu na karatasi.

Mwaka ujao tutaanza na sampuli zenye mchanganyiko wa watu watatu na zaidi. Mwaka 2016 baraza la wanasayansi waliokuwa wakimshauri rais wa Marekani lilionya kwamba usomaji wa sampuli hizo haujathibitishwa vya kutosha. Mwenye jalada la zamani la aina hiyo amwone Katibu, majina yakiwa yamefutwa.