Mitambo ya umeme itajwe pamoja na maji yake

Mhariri,

Bwawa likikauka na umeme ukapungua, wakubwa wa sekta hutupa jibu lilelile: mvua hazikunyesha. Ni kweli hazikunyesha. Lakini Kariba, bwawa la umeme mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ilipungukiwa maji 2015 na 2016, ikapungukiwa tena 2019, na 2024 Zambia, inayotegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake, ikashinda gizani saa nyingi kila siku. Jambo lililojirudia hivyo ndani ya miaka kumi lilipaswa kuwamo kwenye mahesabu.

Wenye makaa ya mawe na nyuklia nao wasicheke. Mitambo yao huendeshwa kwa mvuke, na mvuke lazima upozwe, aghalabu kwa maji ya mto. Kiangazi cha 2003, na tena 2022, Ufaransa ilipunguza uzalishaji katika baadhi ya vinu vyake vya nyuklia kwa kuwa mito ilikuwa na joto mno. Hapo paneli za jua zina nafuu: maji yao ni ya kuoshea vumbi tu.

Watu wa maji wamekwishajifunza kwa shida. Cape Town, mwanzoni mwa 2018, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Mgandamizo wa mabomba ukapunguzwa, aliyetumia sana akalipa zaidi, na hali ya mabwawa ikatangazwa waziwazi. Matumizi ya jiji yakashuka hadi takriban nusu ya yale ya 2015. Kwenye umeme, Brazil ilifanya jambo la namna hiyo 2001: nyumba nyingi zilitakiwa kupunguza asilimia 20, na nchi ikavuka ukame bila kukatiana umeme mtaa kwa mtaa. Sijui kwa nini mfano huo hautajwi mara nyingi zaidi.

Ombi langu ni dogo. Mradi wowote wa kufua umeme, kabla haujaidhinishwa, useme utatumia maji kiasi gani, ya wapi, na utatoa megawati ngapi katika mwaka mkavu kuliko yote inayokumbukwa. Wastani wa miaka mizuri hautusaidii. Njia nyingine zipo: Matimba, kituo cha makaa ya mawe cha Afrika Kusini, hupoza kwa hewa, ingawa njia hiyo ni ghali na hupoteza nguvu kidogo; na Palo Verde, kituo cha nyuklia katika jangwa la Arizona, Marekani, hutumia majitaka yaliyosafishwa. Gharama hizo ziwekwe mezani kabla ya zabuni kutangazwa, ili tunaolipa bili tujue tunanunua nini.

Msomaji wako