Tumchangie mama yetu wa sambaza apasuliwe kwa matundu madogo

Tumsifu Yesu Kristu, wazazi, ndugu na dada wa shirika letu la hapa Kadutu, Bukavu, pamoja nanyi mlioko Goma, Uvira na ng'ambo.

Tunawaomba mchango kwa ajili ya mama yetu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Wengi mnamjua: kila asubuhi hupandisha beseni lake kutoka ziwani mpaka sokoni. Ameomba jina lake lisiandikwe, nasi tumekubali. Kwa miezi sasa, akila chochote chenye mafuta, maumivu humkamata chini ya mbavu za kuume, hupanda hadi mgongoni karibu na bega, naye hutapika mpaka usiku wa manane. Ekografi, yaani picha ya tumbo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, imeonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari amesema kwa hali yake dawa hazitaviondoa. Kimoja kikiteleza na kuziba njia ya nyongo, macho yatageuka manjano, hata kongosho linaweza kuvimba, na hapo tutakuwa tunakimbizana na kifo. Mfuko wenyewe lazima utolewe. Mtu huishi vizuri bila huo, maana ini huendelea kutengeneza nyongo na kuimwaga utumboni.

Kwenye mkutano wa Jumapili baba mmoja aliuliza: kwa nini tulipe zaidi kwa vitundu, wakati kupasua kwa kawaida ni bei nafuu? Swali lake ni la haki, tena wengine walilinyamazia tu.

Kwa njia ya kawaida, daktari hukata mkato mrefu chini ya mbavu na kupita kwenye misuli. Mgonjwa hulala wodini siku kadhaa, kisha hukaa nyumbani mwezi mzima au zaidi kabla ya kurudia kazi. Kwa selioskopi, ambayo wengine huiita laparoskopi, hutobolewa matundu matatu au manne tu, ya milimita 5 hadi 12, moja likiwa kitovuni. Mgonjwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, hasikii kitu. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, ili ukuta wake uinuke na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Huchaguliwa hewa hiyo kwa sababu haiwaki moto karibu na kifaa cha umeme kinachozuia damu, na mwili huifyonza ukaitoa kwa pumzi. Kamera nyembamba yenye taa huingizwa kitovuni, tumbo lote likaonekana kwenye skrini. Kwa vifaa virefu, daktari hubana mshipa wa damu na mrija wa mfuko kwa vibanio vidogo, hukata, huutenga mfuko na ini, kisha huuvuta nje kupitia tundu. Mara nyingi mgonjwa hutoka kesho yake, na baada ya wiki moja au mbili anafanya kazi nyepesi. Beseni zito litasubiri zaidi kidogo.

Kwa mama anayekula kutokana na mauzo ya siku ile ile, na anayelipia watoto masomo kwa beseni hilo, wiki hizo ndizo hesabu yenyewe.

Mashine haipasui yenyewe, kama wengine wanavyonong'ona. Ni mikono ya daktari. Wala si jambo la majaribio: Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii Ujerumani mwaka 1985, na hapa hapa Bukavu, Daktari Denis Mukwege na mwenzake Guy-Bernard Cadière wa Brussels wameitumia selioskopi katika hospitali ya Panzi. Lakini hatari zipo, nasi hatuzifichi. Damu inaweza kutoka, mrija unaweza kuumia, na daktari asipoona vizuri atafungua tumbo kwa njia ya zamani, naye atakuwa amefanya vema. Mama pia asishtuke bega likimuuma siku mbili tatu: ni ile hewa iliyobaki.

Profoma ya hospitali, yaani makadirio ya gharama, ni dola 780. Tumeongeza dola 150, ikiwa tumbo litafunguliwa na siku za kulala ziongezeke, maana hatutaki mama yetu apone halafu azuiliwe wodini kwa deni. Jumla ni dola 930. Mpaka jana jioni tumepata 310.

Toa franka au dola kwa mweka hazina baada ya misa. Namba za kutuma kwa simu zimebandikwa mlangoni pa kanisa. Aliye mbali amwombe ndugu yake wa hapa amsomee. Asiye na pesa tunamhitaji vilevile: akina mama wawili wa kushika meza yake sokoni, vijana wa kumchotea maji, na mtu wa kumpikia chakula kisicho na mafuta siku za mwanzo.

Hesabu itasomwa mbele ya wote kila Jumapili, pamoja na risiti za hospitali. Zile 150 zisipoguswa, zitawekwa kwenye sanduku la wagonjwa la shirika.