Barua ya wazi kwa wanafunzi wa biolojia wa Bukavu: msiishie kwenye amiba

Wanangu, salamu.

Mmoja wenu alinijia nyumbani Kadutu, akasema anaacha masomo kwa sababu biolojia haina kazi isipokuwa kufundisha. Siku ile sikumjibu. Leo nawajibu nyote.

Miaka 30 nilikaa kwenye hadubini. Mama mmoja, muuza sambaza, wale samaki wadogo, alikuja mara tatu na kinyesi chenye damu. Mara tatu niliandika amiba, kijidudu cha kuhara damu, mara tatu akapewa vidonge. Mara ya kwanza niliiona kweli. Mara ya tatu niliandika kwa mazoea. Alipokuja kupimwa utumbo wenyewe, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Mpaka leo namwona akikunja ile karatasi ya majibu na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

Utumbo unaovimba na kuwaka miaka mingi unaweza kuzaa saratani, na sababu mtaitafuta ndani ya seli. Kuna protini iitwayo NF-kB, iliyogunduliwa mwaka 1986. Hukaa nje ya kiini, imeshikiliwa na protini nyingine. Hatari ikitokea, kimeng'enya IKK huifungulia; inaingia kwenye kiini na kuamsha jeni za mapambano. Hatari ikipita, irudi kufungwa. Isiporudi, seli iliyoharibika, ambayo ingepaswa kufa, inaendelea kuishi na kuzaana. Mwaka 2004 mtafiti Michael Karin na wenzake, California, waliondoa IKK-beta, sehemu ya kile kimeng'enya, kwenye seli za ukuta wa utumbo wa panya. Utumbo uliendelea kuwaka vilevile, lakini saratani zilipungua sana, maana seli mbovu sasa zilikufa. Hapo nilisoma mara mbili, nikamkumbuka yule mama.

Hiyo ndiyo kazi ya biolojia, wanangu. Mshahara wake hauji haraka, sitawadanganya. Huko Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walipanda sampuli za tumbo za wagonjwa zaidi ya 30 kwenye visahani vya kuoteshea bakteria, bila kuota kitu, kwa kuwa visahani vilitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya 1982 vikaachwa siku tano, bakteria wa vidonda vya tumbo wakaonekana. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005.

Wewe uliyekuja Kadutu, rudi Jumamosi. Madaftari yangu ya vipimo yamo sandukuni. Nataka tuhesabu pamoja, bila majina, ni wangapi walirudi na damu mara tatu.

Mzee wenu wa maabara