Mwanangu, kabla hujasaini mkopo wa Dodoma

Mwanangu Zuhura,

Sisi hatujambo. Mguu wa bibi umeanza kupungua kuvimba na baba yako anakusalimu. Mdogo wako kaniambia umeshatoa malipo ya awali ya oveni na kwamba Jumatatu unasaini mkopo wa milioni sita wa kufungua bekari ya pili Dodoma. Ningefurahi kuyasikia kwako kwanza, lakini hayo tutayazungumza ukija. Ninachotaka sasa ni jibu la swali moja: leo hii, pesa yako iliyoko madukani ni kiasi gani?

Usinijibu kwa kukisia. Keti na daftari, duka kwa duka, uandike siku mkate uliposhuka na siku pesa ilipoingia. Ulinitajia mwenyewe kuwa unaoka mikate 600 kwa siku, unaiuza jumla kwa 1,000, na nusu yake inakwenda kwa mali kauli ya wiki mbili, yaani duka linachukua leo na kulipa baadaye. Mikate 300 mara siku 14 ni 4,200,000. Hiyo ni pesa yako, na kila asubuhi unakopa unga ili uoke wakati inazungushwa na wengine. Mkate haukai dukani zaidi ya siku tatu au nne. Akikulipa siku ya 14, ina maana aliuza zamani, na kwa siku kumi amenunulia sukari na sabuni za duka lake kwa mtaji wako. Mwenye saruji anaweza kusubiri wiki mbili. Mwenye mkate hapaswi.

Sasa tazama Dodoma. Oveni na mashine ya kukandia 4,300,000, kodi ya miezi sita 900,000, unabaki na 800,000. Unasema utaanza na mikate 250. Ukiwapa wenye maduka wa kule masharti haya ya bekari yako ya Morogoro, nusu yake ni 125 kwa siku, yaani mikate 1,750 ndani ya wiki mbili. Mkate mmoja unakugharimu 850, kwa hiyo kuioka hiyo tu ni 1,487,500 kabla hujaona senti yake. Una 800,000. Pengo utaliziba na nini? Najua jibu lako: mauzo ya Moro. Ndipo bekari mbili zinapolala njaa kwa sababu ya moja.

Na marejesho hayasubiri. Niliisoma ile fomu uliyomwachia baba yako. Riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na ni flati, maana yake hadi mwezi wa 12, ukiwa umebakiza laki tano tu za mtaji, bado wanakutoza kwenye milioni sita nzima. Riba yote ni 2,520,000 na rejesho ni 710,000 kila mwezi. Riba hiyohiyo ingehesabiwa kwenye salio linalopungua, ukalipa mtaji kwa mafungu sawa, ingekuwa 1,365,000. Waulize kwa maneno haya haya: riba ni ya flati au ya salio? Ada ya fomu na bima vinakatwa mwanzoni? Nikimaliza mapema, riba iliyobaki inafutwa? Rejesho hilo ni karibu 24,000 kwa siku. Kwa faida yako ya 150 kwa mkate, ni faida ya mikate 158 iliyouzwa na kulipwa, Jumapili ikiwemo, kabla ya mshahara wa mtu wa Dodoma.

Nasema iliyouzwa, kwa sababu sijaona popote ulipoandika mikate inayorudi bila kuuzwa. Ikiuzwa yote 600 unapata 90,000. Ikirudi 30 tu, unapata 60,000. Theluthi ya faida imeondoka kwa mikate ya trei chache. Nilishangaa hujaiweka, wewe ambaye hesabu zako huwa namwonyesha kila mgeni anayeingia hapa.

Hiyo safari yako ya kuhesabu wateja Nkuhungu, kule Dodoma, ulikwenda Mei. Mei Bunge la bajeti linakaa, kuanzia Aprili hadi Juni, na mji unajaa watu. Chuo nacho kilikuwa wazi. Nenda tena Bunge likiwa limeondoka na wanafunzi wamerudi makwao, ukae dukani kutwa mbili uhesabu mikate inayotoka. Onja na maji ya kule. Na hewa ya Dodoma ni kavu, mji uko juu kama mita 1,100, Moro iko kama 500. Donge lisipofunikwa nailoni wakati wa kuumuka litaota gamba na mkate utapasuka ubavuni. Usiku wa Juni na Julai hamira itachelewa, usije ukamlaumu kijana kwamba kalala.

Tena kijana wa Moro atabaki na nani? Ukiwa mbali, kipimo chako ni mfuko wa unga. Kilo 50 zikikandwa vizuri zinatoa donge kama kilo 85. Mkikata gramu 450 ili mkate ukiiva ubaki na gramu 400, mnapata mikate 185 hivi. Akikutumia hesabu ya 170, ama wanakata kwa macho bila mizani, ama mikate inatoka mlangoni bila kuandikwa. Uliza kila jioni mifuko mingapi, mikate mingapi, mingapi imerudi, nani kalipa. Maswali manne, basi.

Milioni mbili za shemeji yako sijazihesabu humu, maana sijui: ni mkopo au ni sehemu ya biashara? Kama ni mkopo, zinarudi lini? Kama ni sehemu, ni fungu gani, la Moro pia au Dodoma tu, na hasara anabeba? Andikeni, msaini, mashahidi wawepo. Dada yako asije akawekwa katikati.

Lakini rudi kwenye madeni. Usiwafokee wenye maduka wote siku moja. Ukimkatia mkate ghafla, anahamia bekari nyingine na deni lako linazikwa. Anza na watatu wanaodaiwa zaidi. Kila asubuhi walipe mkate wa siku hiyo taslimu, na juu yake 10,000 ya deni la zamani. Asiyeweza, mpunguzie idadi, usimwongezee. Anayelipa taslimu mpe kwa 980. Hiyo ishirini ni rahisi kuliko riba. Ukikusanya hata milioni tatu kati ya zile nne, mkopo wako unakuwa wa milioni tatu. Fanya hivyo kwa miezi miwili halafu nenda. Oveni haitaoza.

Hati ya ardhi ya Kihonda, ya kuweka dhamana, nilikupa siku ile kwa haraka mno, nilikuwa nimeona ulivyochangamka. Benki watataka na ridhaa ya baba yako, na mimi sikumuuliza. Nitamwambia mwenyewe, wewe usiguse. Na ile laki tatu niliyoichukua kwenye droo mwezi wa nne, iandike kwenye daftari lile la madeni, jina langu, kama duka jingine. Nitaanza kulipa nikiuza mpunga.

Ada ya mdogo wako imebaki 120,000, usiitume, baba yako anayo. Bati la jikoni limetoboka tena upande wa ukuta wa kuku. Ukija Jumamosi niletee mifuko mitupu ya unga kama kumi, ya kuanikia mpunga, na mikate iwe minne, siyo kumi. Hiyo minne nitakulipa mlangoni.

Mama yako