Barua kwa Mtani: Kwa Nini Kila Mtu Anakuambia Ununue Toyota

Area C, Dodoma
8 Juni 2025

Mtani wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku makao makuu. Sisi ni wazima. Baridi ya Juni imeanza kutubana asubuhi, na vumbi ni lile lile unalolijua. Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule kijana wa basi la Mpwapwa, pamoja na karanga, ambazo watoto wamezimaliza kabla sijafika ukurasa wa pili. Unaniuliza kwa nini kila unayemwomba ushauri wa gari, awe fundi, awe mkuu wako wa shule, au hata mama muuza maandazi ambaye hajawahi kushika usukani, anakujibu neno moja tu, Toyota. Unataka kujua kama sifa hiyo ina msingi au ni mazoea. Nitakujibu kwa kirefu, maana kazi ya kutunza bohari ya vipuri imenipa maoni ambayo sikuwahi kuombwa. Sifa hiyo ina msingi, tena msingi mzito. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunainunua sifa yenyewe na kusahau kulikagua gari.

Nianzie mbali, kwa sababu kampuni hii haikuzaliwa kwenye magari bali kwenye nguo. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala aliyezaliwa mwaka 1867 katika mkoa wa Shizuoka, alitumia karibu maisha yake yote kuboresha mashine za kufumia. Mwaka 1924 ilikamilika mashine iliyoitwa Aina ya G, ambayo ilikuwa na tabia moja iliyonivutia tangu niliposoma habari zake: uzi ukikatika, mashine ilisimama yenyewe. Ukilitazama juu juu utaona ni jambo dogo, lakini mashine isiyojisimamisha huendelea kufuma nguo mbovu mpaka mtu agundue, na ndiyo maana kila moja ilihitaji macho ya kuikodolea. Mashine ya Sakichi ilimwezesha mfanyakazi mmoja kusimamia mashine nyingi kwa pamoja, kwa kuwa alihitajika pale tu palipotokea hitilafu. Kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi ambayo viwanda vyake vya nguo ndivyo vilivyokuwa vimeufundisha ulimwengu ufumaji wa mashine, ilikubali mwaka 1929 kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuitengeneza. Mwanafunzi alikuwa amelipwa na mwalimu wake.

Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeingiwa na wazimu wa magari. Mwaka 1933 alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda kile kile cha mashine za kufumia, mwaka 1935 wakaanza kuuza lori lao la kwanza, G1, mwaka 1936 likafuata gari dogo la AA, na mwaka 1937 kampuni ya magari ikasimama kwa miguu yake. Usidhani walianza na sifa. Malori yale ya mwanzo yaliharibika barabarani mara kwa mara, na kampuni ikalazimika kuwatuma watu wake wayafuate, wayatengeneze, kisha warudi kiwandani na taarifa ya kilichovunjika ili sehemu hiyo ibuniwe upya. Baada ya vita kuu mambo yalikuwa mabaya zaidi: kufikia mwaka 1950 kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, wafanyakazi walikuwa kwenye mgomo, wengi wakapoteza kazi, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu. Wiki chache baadaye vita vya Korea vikazuka, na jeshi la Marekani likaagiza malori kwao. Kiichiro alifariki mwaka 1952 bila kuona matunda. Kwa hiyo wanaosema Toyota ilipanda kwa akili tupu wasisahau kwamba bahati nayo ilipitia mlangoni.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya kiwandani, na hapa uniwie radhi nikikawia. Mhandisi mmoja aliyeitwa Taiichi Ohno, aliyekuwa ametoka upande wa nguo, aliuchukua ule utaratibu wa mashine inayojisimamisha akauhamishia kwenye uundaji wa magari. Juu ya mstari wa kuunganishia magari kukawa na kamba, na mfanyakazi yeyote anayeona kasoro, hata awe mgeni kazini, anaruhusiwa, tena anatakiwa, kuivuta. Taa inawaka, kiongozi wake anakuja, na kasoro isipotatuliwa haraka mstari unasimama. Ohno pia alisisitiza kwamba hitilafu inapotokea mtu aulize kwa nini, akipata jibu aulize tena kwa nini, hata mara tano, mpaka afike kwenye mzizi. Fyuzi imekatika, kwa nini? Mashine ilizidiwa. Kwa nini? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Ukiishia kubadilisha fyuzi, kesho utaibadilisha tena. Vipuri navyo havikurundikwa: vililetwa kwa kiasi kinachohitajika na kwa wakati unaohitajika, kwa kadi ndogo zilizosafiri pamoja na makasha. Sisi wa bohari tuliofundishwa kujaza rafu mpaka darini tulikuwa tukiona huo ni uchokozi, lakini ukitafakari utaona kwamba palipo na akiba kubwa, kipuri kibovu hujificha kwa miezi.

Ulaya na Marekani hazikushtuka mara moja. Mwaka 1957 Toyota ilipeleka gari lake la Crown Marekani, likaaibika: lilikuwa zito, halina nguvu, na barabara kuu za mwendo kasi za huko zililichemsha. Likaondolewa sokoni baada ya muda si mrefu. Miaka ya 1960 walirudi na Corona iliyotengenezwa kwa kuzingatia yale yaliyowashinda, na mwaka 1966 wakatoa Corolla, ambayo imekuja kuwa jina la gari lililouzwa kuliko yote duniani, zaidi ya magari milioni 50.

Lakini huku kwetu Toyota haikuingia kwa Corolla peke yake. Machoni pa watu wa Dodoma iliingia kwa Land Cruiser. Babu yake alitengenezwa mwaka 1951, akaitwa BJ, na ili kuonyesha uwezo wake walimpandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Jina la Land Cruiser lilianza mwaka 1954. Toleo la 70, hili tunaloliita mkonga kwa ajili ya ule mrija wa hewa unaopanda ubavuni mwa kioo, lilitoka mwaka 1984 na bado linatengenezwa hadi leo, likiwa na sura karibu ile ile. Nimeshughulika na injini yake ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita iliyoanza kutumika mwaka 1990, na ninaweza kukuambia siri yake: haina tabo (turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), pampu yake inafanya kazi kwa vyuma badala ya kompyuta, na haikamuliwi hata nusu ya nguvu ambayo injini za ukubwa huo hukamuliwa siku hizi. Ni injini isiyo na papara. Ndiyo sababu utaikuta kwenye gari la wagonjwa la misheni, kwenye gari la polisi, na kwenye msafara wa mashirika ya misaada, mahali ambapo gari likizima porini baada ya Manyoni hakuna wa kuitwa. Yale mashangingi ya V8 unayoyaona yakielekea Mtumba, kwenye ofisi za serikali, ni ukoo huo huo, ila hao ni ndugu waliosoma wakasahau kulima.

Isije ikawa nakusifia tu, jina hili lina madoa. Mwaka 2009 na 2010 Toyota iliyarudisha magari zaidi ya milioni 8 duniani kwa sababu ya mazulia yaliyoweza kuizuia pedeli ya mafuta isirudi, na pedeli nyingine zilizokuwa nzito kurudi. Mkuu wa kampuni wakati huo, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro na kitukuu wa Sakichi, alifika mbele ya Bunge la Marekani Februari 2010 akaomba radhi na kukiri kwamba huenda walikua haraka kupita kiasi. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwa haikuwaambia wateja ukweli wote. Kisha Desemba 2023 ikabainika kwamba Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ilikuwa imechezea vipimo vya usalama kwa miaka mingi, kasoro zikagusa aina 64 za magari, nyingine zikiuzwa kwa nembo ya Toyota. Kwangu mimi hilo la pili ni baya kuliko la kwanza. Pedeli ni kosa la kiufundi. Kughushi kipimo ni kuona uzi umekatika na kuendelea kufuma.

Sasa nirudi Tanzania, maana nusu ya sifa hii imetengenezwa hapa. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko tunakoutaka. Ukaguzi wao wa lazima, wa kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, una gharama kiasi kwamba wengi huona heri kuuza gari ambalo bado lina nguvu. Magari hayo yakaja kwa wingi, mafundi wakayajua, spea zikajaa madukani, na kwa kuwa spea zipo watu wakazidi kuyanunua. Ukiharibikiwa Kibaigwa usiku, fundi wa pale anaweza asijue kusoma kompyuta ya gari la Kijerumani, lakini ataifungua injini ya Toyota kwa tochi ya simu. Gari lolote lililopata malezi hayo lingeonekana imara zaidi kuliko lilivyo.

Ubaya wake ni kwamba tumelikabidhi jina kazi ya uangalizi. Nimeona madereva wengi ambao mshale wa joto ukipanda hujibu, "Tufike tu, hii ni Toyota." Mashine ya mwaka 1924 ilijua kusimama, dereva wa leo mwenye leseni hajui. Maji ya visima vya huku, ambayo mengi yana chumvi, yakimiminwa kwenye rejeta badala ya kulenti, ile dawa ya kupozea injini, huacha ukoko unaoziba njia, na filta ya hewa inayotosha Tanga huziba mapema sana kwenye vumbi la kwetu. Kuna injini zinazovumilia dhuluma hizo na kuna zisizovumilia. Hiyo Prado ya dizeli unayoitamani, mtani, ya injini ya 1KZ-TE ya lita 3, inajulikana na mafundi wote kwa jambo moja: ikichemka vibaya, silinda hedi hupasuka. Najua unataka wakwe wasikie muungurumo, lakini hedi haijali wakwe. Vilevile jihadhari na zile za petroli zenye maandishi D-4, zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwani pampu yake ya mgandamizo mkubwa ni ghali na utandu wa masizi huzisumbua.

Kwa kazi uliyonieleza, yaani familia ya watu watano, magunia machache ya karanga kutoka Kibakwe, na safari za kuja Dodoma mwisho wa mwezi, ningekushauri Probox ya lita 1.5 yenye injini ya 1NZ-FE. Haina heshima harusini, lakini Wajapani waliitengeneza iwe gari la kazi, na spea zake zinaingiliana na za IST na Vitz, hivyo hutalala njaa ukizitafuta. Omba uione karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani, usiiamini mita ya kilomita, kwa kuwa mita hurudishwa nyuma, na uingie chini ya uvungu kwa mgongo wako mwenyewe: magari yaliyotoka Hokkaido na mikoa ya theluji hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, na kutu huanza kuyala mahali usipopaona. Ukinunua plagi, tafuta za Denso zilizo halisi. Kampuni hiyo ilikuwa idara ya Toyota mpaka ilipojitenga mwaka 1949, na ndiyo maana jina lake limeghushiwa sana sokoni.

Jambo la mwisho ni la usalama. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa kwenye magari ya makampuni mengi, Toyota ikiwemo, ina kipuliziaji ambacho joto na unyevu wa miaka mingi hukiharibu kikaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Magari yaliitwa yarudishwe na kubadilishiwa kifaa hicho, lakini gari lililokwisha pandishwa meli halisikii mwito. Toyota ya Japani ina ukurasa wa mtandaoni ambapo mtu huingiza namba ya chesisi na kuona kama gari lake linahusika. Kwa hiyo ukishalipata gari, nitumie namba ya chesisi pamoja na hiyo karatasi ya mnada kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi. Nitaziangalia jioni hiyo hiyo na kukupigia.

Msalimie shemeji na watoto. Na karanga nyingine zikipatikana, yule kijana wa basi anajua nyumbani.

Wako,
Mtani wa Area C