Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya 2026 kutoka kwa Katibu

Kwa wazee wetu, kina mama, vijana na watoto wa kikundi chetu cha maziko. Kwa mlio nyumbani Kaloleni, Mariakani na Rabai, mlio Mombasa na Nairobi, na nyinyi mlioko ng'ambo, Doha, Dubai, Riyadh na kwingineko: nawasalimu nyote katika jina la Bwana. Krismasi njema. Ndugu zetu Waislamu tulio nao kikundini, nanyi nawatakia heri na baraka za mwisho wa mwaka. Mtatuvumilia kwa ngoma za mkesha, nasi hatujasahau masinia ya Idd yaliyovuka ua kuja kwetu.

Katibu ndiye anayetakiwa kuandika salamu hizi. Mwaka huu nimeziahirisha mpaka mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu, na nilipokaa kuziandika nikaona kwa nini mkono ulikuwa mzito.

Mwaka wenyewe ulikuwa mzito. Sina haja ya kuwasomea bei. Aliyepanda basi kutoka Nairobi wiki hii nauli ameiona, na aliyetumwa dukani anajua mafuta ya kupikia sasa tunanunua ya kupimiwa, na mchele wa pilau unaingia mfukoni kwa hesabu. Kuku wa kienyeji simtaji, nisije nikawatisha wageni. Wenye mishahara wanakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za bei nafuu kabla hawajaishika pesa, na bado mtu akilazwa tunaitana kuchangisha. Kikundi kimezika wengi mwaka huu kuliko tulivyopangia, na hilo mtalisikia kwenye hesabu.

Tarehe 15 Oktoba tukapata habari kutoka India kwamba Raila Odinga ametutoka. Pwani hii hakuna aliyesubiri kuambiwa aomboleze. Nilikuwa stendi siku ile, redio za matatu zote zimekaa kituo kimoja, na makanga ambao kwa kawaida huwezi kuwasikilizisha kitu walikuwa wameegemea milango, wamenyamaza. Mtu huyu aligombea urais mara 5: 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022, na hakuupata hata mara moja. (Kile kiapo cha Uhuru Park cha Januari 2018, alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi", wanaokijua wanakijua.) Alikaa kizuizini miaka mingi wakati wa Moi. Simfanyi malaika. Baada ya kura za 2007 nchi iliwaka, tume ya Jaji Waki ikahesabu waliouawa zaidi ya 1,100, na sijui kiongozi wa upande wowote anayeweza kunawa mikono mbele ya hesabu hiyo. Lakini mara tatu alipinga matokeo mahakamani, na katika mara hizo tatu moja ilizaa jambo ambalo Afrika nzima ililishangaa: tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa bado ameketi kitini. Na Rais Uhuru Kenyatta akasema hakubaliani na uamuzi huo lakini anauheshimu, ingawa hakukawia kuwaita majaji wakora.

Nimelifikiria sana neno hilo la kutokubaliana na kuheshimu, kwa sababu mwaka huu nimeliona kwa macho yangu, tena hapa hapa kijijini.

Mwezi wa nne tulifanya uchaguzi wa kikundi. Nyote mnajua ulivyokuwa. Karatasi za kura zilikatwa kwenye daftari la shule, debe lilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku uliotobolewa kifuniko, na mwenyekiti wetu wa miaka yote, aliyetuongoza tangu michango ikiandikwa kwa penseli, akashindwa. Tofauti ilikuwa ndogo, tukahesabu upya. Akavaa kofia yake akaondoka bila kumuaga mtu. Wengi walisema huyo ndiyo basi, hatarudi, na najua waliomfuata kwake usiku kumshauri aanzishe kikundi chake ng'ambo ya barabara. Wengine wenu mnasoma salamu hizi. Sitataja jina.

Agosti, mama yangu akafariki. Kulipokucha, kabla viongozi wapya hawajafika, niliyemkuta uani ni huyo mzee. Alikuwa na jembe, na karatasi aliyoandika mahitaji: sufuria kubwa, turubai, viti, taa. Vyombo vyote viko stoo. Akaniuliza, "Katibu, ufunguo anao nani siku hizi?" Nikamwambia anao mwenyekiti mpya, yuko njiani. Na mimi najua, naye anajua, kwamba ufunguo wa akiba umefichwa mahali, na aliyeuficha ni yeye. Akakaa juu ya gogo akangoja. "Sitaki mtu aseme nimejifungulia," akasema. Mwenyekiti mpya alipofika, wakaenda pamoja, mmoja akifungua, mwingine akimwonyesha sufuria ipi inavuja.

Mnivumilie niseme kidogo juu ya mama.

Mwaka 1988 alipanga foleni ile ya mlolongo, watu wanasimama nyuma ya picha ya mgombea wao mchana kweupe, chifu anatazama nani yuko wapi. Alikuwa akisimulia kwamba foleni yao ilipita mwembe ikafika dukani, na ya upande wa pili hata watoto waliweza kuihesabu. Jioni ikatangazwa kuwa ile fupi imeshinda. Watu walihesabiwa mbele ya macho yao wenyewe na bado wakaibiwa. Mimi ningekuwa yeye nisingepanga foleni nyingine maishani. Yeye hakukosa hata moja. Agosti 2022 mjukuu alimpeleka kwa bodaboda, akiwa hawezi tena kwenda mbali kwa miguu, na mashine ya kutambua wapiga kura ikamkataa. Vidole vyake vilikuwa vimeisha kwa jembe na kufua nazi, havina alama ya kusomeka. Akapangusa kimoja kwa leso, wapi. Akatoa kingine, wapi. Foleni nyuma ikaanza kuguna. Karani alikuwa msichana mdogo mwenye adabu, akamwambia, "Bibi, pole, tutatumia namba ya kitambulisho." Akapewa karatasi zake sita, akachukua muda wake, na alipotoka akaninyooshea kidole chenye wino akasema, "Wameniona." Hakuniambia alimpigia nani. Krismasi hii ni ya kwanza bila yeye, na wali wa nazi utapikwa na wengine. Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi, pamoja na wote tuliowapumzisha mwaka huu.

Sasa vijana, mnanijua, naanza kuhubiri.

Nasikia mkisema kura haina maana, wote ni wale wale. Sitawaambia mmedanganywa, maana mmeona. Mliingia barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 wabunge waliupitisha na wenzenu wakapigwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Kina mama bado wanalia. Juni mwaka huu mwalimu kijana, Albert Ojwang, aliyekuwa akifundisha huku kwetu Taita Taveta, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya mambo yaliyoandikwa mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia seli. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliompasua wakasema majeraha yake hayafanani na ya mtu aliyejigonga. Mimi nimeshika chaki maisha yangu yote, na habari ile ilininyima usingizi. Nchi haiwi ya kidemokrasia kwa sababu ina masanduku ya kura, ikiwa mtu anaweza kuandika sentensi moja kwenye simu jioni na kesho yake wazazi wake wakaitwa mochari.

Lakini tazameni kilichofuata. Madaktari walisema walichokiona, magazeti yakaandika, watu wakauliza kwa sauti mpaka ile hadithi ya ukuta ikashindwa kusimama. Haki haijakamilika, wala sitawaahidi itakamilika. Ila kuna mahali ambapo hata kuuliza hakupo. Ndugu zetu wa Tanga na Dar, wengi wetu tuna shangazi na wajomba kule, walipiga kura tarehe 29 Oktoba, kiongozi mkuu wa upinzani akiwa rumande kwa kesi ya uhaini, na siku hiyo intaneti ikazimwa. Tulikaa siku kadhaa tukipiga simu tusijue nani mzima. Tuwaombee. Na tusijione bora; kwetu pia kuna wanaotamani swichi kama hiyo.

Jamani, kura ni siku moja katika miaka mitano. Siku zilizobaki ni zetu za kuuliza. Katiba tuliyoipitisha Agosti 2010 inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali. Barabara ilitengewa kiasi gani? Basari zilikwenda kwa watoto gani? Bunge la kaunti linapoita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, nani kati yetu huenda? Huenda wale watano wa kila siku, wanakunywa soda, wanatia saini, na maoni ya Kaloleni yanakuwa ni hayo. Kisha tunakaa mnazini kulaumu.

Na nyinyi mnaopokea noti ya mia mbili na leso mpya wakati wa kampeni, nasema hili kwa upendo: ukishauza, mnunuzi hana deni na wewe. Ulimwona wapi mwenye duka akirudi kumuuliza mteja kama sukari ilikuwa tamu? Ndugu zetu wa Magarini mahakama ilipofuta uchaguzi wao, walikaa muda mrefu bila mbunge, kwa sababu Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna hata mmoja, mpaka walipoteuliwa wapya Julai mwaka huu. Tarehe 27 Novemba ndipo walipopiga kura. Waulizeni wao kama kura haina maana.

Krismasi hii mtasikia tena kanisani jinsi Kaisari Augusto alivyotoa amri watu wote waandikwe, na Yusufu akafunga safari na Mariamu mja mzito mpaka Bethlehemu. Hakuulizwa maoni. Aliandikwa ili ahesabiwe, atozwe kodi, basi. Wewe unaitwa kuandikishwa ili uchague, na ofisi iko hapa eneo bunge, nauli ya bodaboda, hakuna mja mzito wa kumbeba, na bado unasema utaenda kesho! Uandikishaji umefunguliwa tena tangu Septemba. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Wengi walio na miaka 16 leo watakuwa wametimiza 18 siku hiyo, kwa hiyo wazazi, wakumbusheni kutafuta kitambulisho mapema. Walio Doha na Dubai, nyinyi mwaka 2022 mliwekewa vituo vya kumchagua rais. Ulizeni ubalozi kuhusu safari hii. Mabinti zetu wa Riyadh na Jeddah hawakuwekewa, na hilo nalo ni swali la kumuuliza mheshimiwa anapokuja kutupungia mkono mazikoni.

Na siku hiyo ikifika, tukishindwa, tushindwe tukiwa bado majirani. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyeshinda naye akumbuke kuwa amepewa ufunguo wa stoo, vyombo si vyake. Yule mzee wetu hakusomea siasa mahali popote, na mpaka leo akikutana na mwenyekiti mpya humwambia waziwazi kwamba anaendesha mikutano ovyo. Ni haki yake. Mikutano yenyewe, baina yetu, huchelewa kweli.

Basi nirudi kwenye kazi iliyonileta. Kwa niaba ya kamati nawatakia nyote Krismasi njema na mwaka mpya wa heri, baraka na fanaka. Wasafiri mfike salama. Madereva wapunguze mwendo, hasa kuanzia Mackinnon hadi Samburu. Wagonjwa Mungu awaponye, wafiwa awafariji, wanafunzi awape bidii, na wasio na kazi awafungulie milango.

Mkutano wa mwaka ni Jumamosi tarehe 27 Desemba, saa nne asubuhi, chini ya mwembe kama kawaida, si saa sita. Mweka hazina atasoma hesabu zote na kila mwanachama ana ruhusa ya kuuliza, hata aliyechelewesha mchango. Vitabu vitakuwa mezani, mje mvifungue wenyewe. Aliyeazima turubai kubwa tangu Oktoba alirudishe kabla ya siku hiyo, maana nimeshaambiwa na watu watatu kwamba litaulizwa, na mmoja wao ni mwenyekiti mstaafu.

Wenu katika utumishi,
Katibu, mwalimu mstaafu
Kaloleni, Desemba 2025